Mzigo wa Mwaka Huu

Sanduku nimelifungua ukumbini, hapa Limbani,
na Salha tangu adhuhuri kakaa mlangoni
na orodha yake ya chaja na vioo vya simu.
Ndani mna kanzu mbili, tiketi za treni
nilizozifunga kwa uzi,
na kikombe kimoja, kibovu.

"Ndo mzigo huu?"
Ndo huo.

Mara sita nimekwenda Guangzhou
na mara sita nimeiona ghorofa ya nne ya soko,
kikokotoo, gundi ya maboksi,
chumba kisicho dirisha.
Ukiniuliza Uchina ikoje, nilikuwa nasema: ina bei.
Safari ya saba nilipanda treni
nikaenda kaskazini.

Sikuwa na mtu. Mkalimani wangu simu,
na simu ni mwongo.
Niliomba chai nikaletewa maji ya moto matupu.
Nikayanywa. Siku ya tatu nikayapenda.

Ukuta wa mji wa Xi'an ni mpana kushinda njia ya Konde,
na juu yake wanakodisha baiskeli.
Mimi, kizuka wa Faki Tarehe, miaka hamsini na mbili,
baiskeli niliiacha siku niliyovunja ungo.
Nikalikusanya buibui magotini, nikasema bismillahi,
nikaenda.
Kulia mapaa ya vigae, kushoto maghorofa,
na mimi katikati napiga kengele
wala mbele yangu hapana mtu.

Kwa askari wa udongo nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi.
Maelfu, na kila mmoja na uso wake.
Wa safu ya tatu ni Shaame mkata tiketi wa Mkoani,
Shaame mtupu,
hata ule mdomo wa kukwambia nafasi hamna.
Nilimwamkia. Hakuitika.
Shaame naye huwa haitiki.

Na msikiti wao, usingeujua.
Mapaa yamepinda ncha kama viatu vya bwana harusi.
Lakini juu ya mlango, herufi. Zetu.
Mikia imevutwa kwa brashi, minene, kisha miembamba,
nikazisoma polepole kama mtoto mgeni chuoni.
Mzee wa kofia nyeupe akanitolea salamu,
nikaijibu,
na hapo maneno yakatwishia sote wawili
tukabaki tunacheka.

Mwisho Jingdezhen, kwa ajili ya sahani ya shangazi Bi Mauwa,
sahani ya kuandikia kombe,
ya bibi yake na bibi wa bibi yake,
buluu ukingoni, katikati nyeupe
panaposhika zafarani.
Picha yake nilikuwa nayo.
Kijana wa tanuri akaitazama, akaikuza,
akasema neno, simu ikafasiri: *Jirani.*
Sijui alikusudia nini. Simu ni mwongo.
Akaniuzia kikombe cha kasoro, nusu bei.

Pesa yako hii, Salha, ihesabu.
Nilichokula ni upatu wangu mwenyewe.
Salha anahesabu, mara mbili. Anasema watu watakuwa na maneno.
Walikuwa nayo tangu nilipokuwa naleta chaja.

Bi Mauwa hasemi. Anakipindua kikombe,
anakipapasa kitakoni,
kisha anaagiza sahani ishushwe kabatini.
Nayo anaipindua.
Miaka yote tumeinywea uso wake,
mgongo sijapata kuuona:
pana alama ya kidole gumba
iliyoingia motoni pamoja na rangi.
"Huyu alikuwa na haraka," anasema.
Anakigusa kikombe. "Na huyu vile vile."
Kisha anataka kujua karafuu huko wanaitia wapi.
Kwenye nyama, nikamwambia.
"Haya," anasema, kama aliyepewa habari za mkwe.

Salha bado yupo mlangoni.
"Mwakani basi?"
Mwakani. Chaja zako zitakuja.
Lakini upo mji mmoja wa mifereji
niliupita usiku, taa zake zote zimo majini,
na treni haikusimama.